Naftali Temu

Naftali Temu (jina kamili: Nabiba Naftali Temu; 20 Aprili 1945 – 10 Machi 2003) alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu kutoka nchini Kenya. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Mexico City, alishinda mbio za mita 10,000 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Aliyemaliza wa pili, kwa tofauti ya sekunde 0.6, alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia.

Mbio hizo zinakumbukwa kwa sababu mbili. Kwanza, zilikuwa mwanzo wa ushindani mkubwa wa Kenya na Ethiopia katika mbio ndefu, nchi ambazo tangu hapo zimekuwa watani wa jadi wa riadha ya dunia. Pili, Kenya, pamoja na wingi wa medali zake, haijapata tena dhahabu ya mita 10,000 ya wanaume kwenye Olimpiki. Hadi baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024, Temu alikuwa bado Mkenya pekee aliyewahi kuishinda.

Maisha ya awali

Temu alizaliwa katika eneo la Nyamira, magharibi mwa Kenya, na alikuwa wa kabila la Wakisii (Abagusii). Nchi ya Wakisii ni ya vilima, mvua nyingi na mashamba madogo ya chai, kahawa, ndizi na mahindi, na sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Siku hizi wanariadha wa Kenya hufikiriwa kuwa ni Wakalenjin wa Bonde la Ufa, lakini Wakisii walitangulia kuleta sifa. Nyandika Maiyoro, Mkisii, alikuwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha Kenya kwenye Olimpiki, huko Melbourne mwaka 1956, akamaliza wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960 mjini Roma alimaliza wa sita katika mbio hizohizo. Temu alikuwa na umri wa miaka 11 Maiyoro alipokimbia Melbourne, na alikua katika eneo ambalo tayari lilikuwa na mkimbiaji wake mashuhuri.

Kama ilivyokuwa kwa wanariadha wengi wa wakati wake, Temu aliweza kufanya mazoezi kwa kuwa alikuwa mtumishi wa vyombo vya ulinzi: alikuwa askari wa jeshi, wakati mwenzake Kipchoge Keino alikuwa polisi. Sheria za riadha za wakati huo zilikataza mkimbiaji kulipwa kwa kushindana. Mwanariadha wa Kenya alihitaji mwajiri atakayempa ruhusa ya kusafiri na muda wa kukimbia, na mwajiri huyo mara nyingi alikuwa jeshi, polisi au magereza.

Tokyo 1964

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya Oktoba 1964 ilikuwa ya kwanza kwa Kenya kushiriki kama nchi huru. Temu, mwenye umri wa miaka 19, alikimbia marathoni na kumaliza wa 49. Kenya ilirudi nyumbani na medali moja, ya shaba, iliyopatikana na Wilson Kiprugut katika mita 800. Hiyo ndiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi hiyo.

Mshindi wa marathoni hiyo alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia. Abebe alikuwa ameshinda pia mjini Roma mwaka 1960, akikimbia bila viatu, na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Kushinda mjini Roma kulikuwa na maana ya pekee kwa Waethiopia, kwa sababu Italia iliivamia na kuikalia nchi yao kuanzia mwaka 1935 hadi 1941. Mjini Tokyo alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Hivyo wakati Kenya ilipoanza kuonekana katika riadha, Ethiopia ilikuwa tayari na jina. Katika mita 10,000 za Tokyo, Mwethiopia mwingine, Mamo Wolde, alimaliza wa nne, nyuma ya Billy Mills wa Marekani, Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Ron Clarke wa Australia. Watatu kati ya hao wanne, yaani Gammoudi, Clarke na Mamo, wangekutana na Temu miaka minne baadaye.

Brazzaville na Kingston

Mwaka 1965 Temu alishiriki Michezo ya kwanza ya Afrika Nzima, mjini Brazzaville, akapata medali ya fedha katika mita 5,000 nyuma ya Keino.

Mwaka uliofuata alijulikana nje ya Afrika. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Kingston, Jamaika, mwezi Agosti 1966, alishindana na Ron Clarke katika mbio za maili sita. Clarke ndiye aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, aliyoiweka Oslo mwaka 1965, na wengi walimtazamia kushinda. Temu alimwacha na kumaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6. Keino alishinda maili moja na maili tatu katika michezo hiyohiyo. Kwa siku chache Wakenya wawili walikuwa wamechukua mbio za maili moja, maili tatu na maili sita.

Ethiopia haikuwemo Kingston kwa kuwa si nchi ya Jumuiya ya Madola. Kwa sababu hiyo Wakenya na Waethiopia hawakukutana mara nyingi katika miaka hiyo. Nafasi yao kubwa ilikuwa Olimpiki.

Mexico City 1968

Mexico City iko karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapo hewa ni nyepesi, na mtu anapata oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko pwani. Kwa mbio fupi na kuruka hali hiyo ni msaada, kwani hewa haimzuii sana mwanariadha. Ndiyo maana Bob Beamon wa Marekani aliruka mita 8.90 katika michezo hiyo. Kwa mbio ndefu ni kinyume chake, maana misuli huchoka mapema na asiyezoea anaweza kuanguka. Wakimbiaji waliozaliwa na kukulia nyanda za juu walikuwa na nafuu kubwa, na kati yao walikuwemo Wakenya na Waethiopia.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa siku ya kwanza ya riadha. Kenya iliwategemea Temu na Keino. Mwendo ulikuwa wa polepole kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda mbio mapema katika hewa ile. Kadiri mizunguko 25 ya uwanja ilivyopungua, mmoja baada ya mwingine alibaki nyuma. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa nyongo, alizidiwa na maumivu ya tumbo, akatoka njiani na kuanguka kwenye nyasi mizunguko michache kabla ya mwisho.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, ushindi ulikuwa umebaki kati ya Temu na Mamo, huku Gammoudi akiwafuata. Mamo, mwenye umri wa miaka 36 na uzoefu mkubwa, alichomoka na kuongoza. Temu, mwenye umri wa miaka 23, hakumwachia nafasi. Alimfuata mgongoni hadi kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka, akampita zikiwa zimebaki kama mita 50.

Matokeo ya nafasi tatu za kwanza yalikuwa haya:

1. Naftali Temu (Kenya): dakika 29 na sekunde 27.4
2. Mamo Wolde (Ethiopia): dakika 29 na sekunde 28.0
3. Mohammed Gammoudi (Tunisia): dakika 29 na sekunde 34.2

Medali zote tatu zilikwenda Afrika. Muda wa Temu ulikuwa mrefu kwa karibu dakika mbili kuliko rekodi ya dunia ya Clarke, jambo linaloonyesha jinsi hewa ilivyokuwa nzito kwa wakimbiaji ingawa kwa kipimo ilikuwa nyepesi. Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka baada ya mstari na kupewa oksijeni na daktari.

Siku nne baadaye, tarehe 17 Oktoba, Temu alikimbia fainali ya mita 5,000. Gammoudi alishinda, Keino akawa wa pili kwa sekunde 0.2, na Temu akapata shaba. Kwa hiyo alirudi nyumbani na medali mbili.

Tarehe 20 Oktoba alijaribu tena, safari hii katika marathoni. Abebe Bikila, ambaye alikuwa ameumia, alijitoa baada ya kilomita zipatazo 17, na matumaini ya Ethiopia yakabaki kwa Mamo. Temu alikuwa miongoni mwa walioongoza hadi baada ya nusu ya safari, lakini mbio mbili alizokwisha kukimbia zilikuwa zimemla nguvu. Alimaliza wa 19. Mamo alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26.4, zaidi ya dakika tatu mbele ya Kenji Kimihara wa Japani. Ethiopia ikawa imeshinda marathoni ya Olimpiki mara tatu mfululizo. Mtu wa mwisho kati ya 57 waliomaliza alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, ambaye aliumia goti njiani na kuingia uwanjani akichechemea, mguu ukiwa umefungwa bendeji.

Hivyo katika muda wa wiki moja kila nchi ilikuwa imeishinda nyenzake: Kenya uwanjani, Ethiopia barabarani.

Kwa jumla Kenya ilipata medali tisa huko Mexico City: dhahabu tatu, fedha nne na shaba mbili. Dhahabu nyingine zilipatikana na Amos Biwott katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Keino katika mita 1,500. Medali moja tu, ile ya shaba ya Philip Waruinge katika ndondi, haikutoka kwenye riadha. Nchi iliyokuwa na medali moja ya shaba katika historia yake yote ilikuwa imegeuka taifa la wakimbiaji.

Miaka ya mwisho ya mashindano

Baada ya Mexico City Temu hakurudia tena kiwango hicho. Mwaka 1972 alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Munich, lakini alitolewa katika mchujo wa mita 10,000. Mamo, akiwa na miaka 40, alipata shaba ya marathoni, na Mwethiopia mwingine, Miruts Yifter, akapata shaba katika mita 10,000. Temu aliacha mashindano mwaka uliofuata.

Kwa kuwa fedha za zawadi zilikatazwa wakati wake, ushindi wa Olimpiki haukumletea utajiri. Rais Jomo Kenyatta alimpa shamba katika eneo la nyumbani kwao, naye akarudi kwenye maisha ya ukulima. Sheria za kulipa wanariadha zilianza kulegezwa miaka ya 1980, wakati yeye alikuwa amekwisha kustaafu. Waliomfuata waliweza kujenga nyumba na kununua mashamba kwa mapato ya mbio za Ulaya na Marekani.

Kifo

Temu alifariki tarehe 10 Machi 2003 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kwa saratani ya tezi dume. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Mpinzani wake Mamo Wolde alikuwa amefariki chini ya miezi kumi kabla, tarehe 26 Mei 2002 mjini Addis Ababa. Mamo alikaa gerezani kwa karibu miaka tisa baada ya kuanguka kwa utawala wa Mengistu Haile Mariam, akituhumiwa kuhusika katika mauaji ya wakati wa utawala huo, jambo alilolikana. Aliachiliwa Januari 2002, miezi michache tu kabla ya kifo chake.

Ushindani wa Kenya na Ethiopia baada ya Temu

Ushindani ulioanza mwaka 1968 ulikatizwa na siasa. Mwaka 1976 Kenya na Ethiopia, pamoja na Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ilisusia michezo ya Moscow. Ethiopia ilikwenda, na Yifter akashinda mita 5,000 na mita 10,000. Mwaka 1984 ilikuwa zamu ya Ethiopia kususia michezo ya Los Angeles, na mwaka 1988 haikwenda Seoul. Kwa njia hiyo nchi hizo mbili hazikukutana kwenye Olimpiki kwa miaka 20, kuanzia Munich 1972 hadi Barcelona 1992. Kizazi kizima cha wakimbiaji kilipita bila kupimana nguvu katika michezo hiyo.

Mahali walipoendelea kukutana ni katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Timu ya wanaume ya Ethiopia ilitwaa ubingwa mfululizo kuanzia mwaka 1981 hadi 1985. Kisha Kenya ikautwaa kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, yaani mara 18 mfululizo, hadi Ethiopia ilipouchukua tena mwaka 2004.

Uwanjani, rekodi ya dunia ya mita 10,000 iligombewa kwa muda mrefu na nchi hizo mbili. Mwaka 1993 Yobes Ondieki, Mkisii kama Temu, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, alipopata dakika 26 na sekunde 58.38 mjini Oslo. Mwaka 1995 Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliichukua rekodi. Mwaka 1997 Haile aliiboresha mwezi Julai, Paul Tergat wa Kenya akamnyang'anya mwezi Agosti, na Haile akairudisha mwaka 1998.

Katika mashindano ya ubingwa wa dunia Wakenya watatu walishinda mita 10,000: Paul Kipkoech mwaka 1987, Moses Tanui mwaka 1991 na Charles Kamathi mwaka 2001. Mwaka 1993 mjini Stuttgart, Tanui alikanyagwa kisigino na Haile katika mzunguko wa mwisho, akakitupa kiatu na kutimua mbio kwa mguu mmoja mtupu, lakini Haile akampita karibu na mwisho.

Kwenye Olimpiki dhahabu ya Temu haikupata mrithi. Mwaka 1996 mjini Atlanta Tergat alishindwa na Haile kwa chini ya sekunde moja. Mwaka 2000 mjini Sydney wawili hao walifukuzana tena hadi mstarini, na Haile akashinda kwa sekunde 0.09, tofauti ndogo kuliko ile ya Temu na Mamo. Kenenisa Bekele alishinda mwaka 2004 na 2008, na Selemon Barega mwaka 2021 mjini Tokyo. Pamoja na ushindi wa Yifter, Waethiopia wameshinda mita 10,000 za wanaume za Olimpiki mara sita. Mwaka 2024 mjini Paris dhahabu ilikwenda kwa Joshua Cheptegei wa Uganda, mwenye rekodi ya dunia ya dakika 26 na sekunde 11.00 tangu mwaka 2020. Ushindani wa nchi mbili umekuwa wa nchi tatu.

Tofauti na mbio nyingine ni kubwa. Katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo Biwott alishinda siku chache baada ya Temu, Kenya ilipata dhahabu katika kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia mwaka 1968 hadi 2016. Katika marathoni, iliyokuwa fahari ya Ethiopia, Wakenya Samuel Wanjiru (2008) na Eliud Kipchoge (2016 na 2021) walishinda. Nchi hizo zimekuwa zikichukuliana mbio: Kenya, iliyoishinda Ethiopia uwanjani mwaka 1968, ilikuja kung'ara barabarani, na Ethiopia ikatawala uwanjani.

Aliyeirudisha dhahabu ya mita 10,000 nchini Kenya alikuwa mwanamke. Tarehe 9 Agosti 2024 mjini Paris, Beatrice Chebet alishinda mbio hizo upande wa wanawake, akiwa Mkenya wa kwanza kufanya hivyo, karibu miaka 56 baada ya Temu kumpita Mamo Wolde katika mita 50 za mwisho huko Mexico City.